Mstari wa Nane wa Mama Limi

Paskazia Masalu, ambaye watu wa Isaka humwita Mama Limi, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala moja la nafaka karibu na reli. Lori tupu likipanda mizani anaandika. Likirudi limejaa mpunga anaandika tena, anatoa uzito wa lori tupu, anagonga muhuri, dereva anaondoka. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza anafikaje kazini.

Alifika kwa baiskeli. Nyumbani kwake ni kijiji cha Igembya, kilomita kumi na nane za barabara ya vumbi, yenye mchanga katikati na mawe mwishoni. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi. Baiskeli yenyewe aliiunda mumewe Mihayo, fundi baiskeli wa kijiji, kutokana na baiskeli tatu zilizokufa: fremu ya moja, magurudumu ya nyingine, na usukani wa ile aliyoiacha marehemu babake. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina kibebeo cha chuma kinachoweza kubeba gunia la mahindi na mtoto juu yake. Mama Limi alikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto watatu, na sauti ya chini. Hakuna aliyemfikiria kuwa mtu wa mbio, na yeye mwenyewe hakujifikiria hivyo.

Mwaka jana, mvua zilipokatika mwezi wa tano, Mwalimu Ghati wa shule ya msingi Igembya alitangaza kwamba kata itapeleka wanawake watatu kwenye mashindano ya baiskeli Shinyanga mjini. Mwalimu Ghati ni mzaliwa wa Tarime, mwanamke mrefu, na akizungumza darasa la kwanza, la saba wanasikia. Wanawake saba wakajiandikisha. Wa kwanza alikuwa Violeth, binti wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa akichuuza dagaa vijiji vyote vya jirani kwa baiskeli. Walikuwapo pia Salome, na Lusia, mshonaji, na Dorah, mpishi wa shule, mwanamke wa furaha ambaye baiskeli ilimlalamikia kila alipoikalia.

Ilibaki kupata mtu wa kupima muda na kuweka kumbukumbu. Mwalimu Ghati akamsubiri Mama Limi njiani jioni moja.

"Shikamoo Mwalimu," Mama Limi alisema, akishuka kwenye baiskeli.

"Marahaba. Mama Limi, nasikia unajua kompyuta."

"Kidogo tu, Mwalimu. Ekseli ya malori."

"Basi! Kama unapima malori, wanawake saba watakushinda?"

Wiki hiyohiyo akawa mtunza muda.

Mazoezi yalifanyika kila Jumamosi alasiri. Wanawake walianzia geti la shule ya Igembya na kumalizia Isaka, pale barabara inapokatiza reli. Mama Limi alisimama kwenye reli akiwa na saa ya kupimia mbio mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mwalimu Ghati alipopuliza filimbi kule shuleni, alipuliza ndani ya simu, ili mwenzake ajue. Jumamosi ya kwanza Mama Limi aliweka simu sikioni, na hadi Jumapili kwenye ibada sikio hilo lilikuwa halijarudi. Kuanzia hapo aliishika simu mbali kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Violeth alifika wa kwanza, dakika arobaini na tatu. Lusia arobaini na sita. Dorah alifika baada ya dakika hamsini na nane, akiwa na muwa.

"Nilikuta wanauza," alieleza.

Violeth hakuufurahia muda wake. Alishuka, akapangusa vumbi usoni, akaitazama ile saa.

"Mama Limi, hiyo saa yako inakimbia kuliko mimi. Arobaini na tatu? Mimi?"

Mtu mwingine angepuuza. Lakini karani wa mizani huishi kwa kuogopa kipimo kibovu. Kila Jumatatu kabla ya lori la kwanza, Mama Limi hupandisha mawe yenye uzito unaojulikana kwenye mizani yake, ili ajue kama inasema kweli. Sasa akawaza: nayo saa lazima ijaribiwe. Jumatatu asubuhi alipopita geti la shule akielekea kazini, akabonyeza saa. Akaendesha kama siku zote, chombo chake cha ugali na mlenda kikiwa kwenye kibebeo, akamsalimia kila aliyemsalimia. Alipovuka reli akabonyeza tena.

Dakika arobaini na nne.

Aliitazama saa, akaitikisa. "Imeharibika," alijisemea. "Violeth alisema kweli. Mimi na mlenda wangu tufike arobaini na nne?"

Jumanne akatumia saa na simu kwa pamoja. Zote mbili zikasema arobaini na tatu na nusu. Basi akaishuku barabara. Jioni alimwuliza mumewe, "Baba Limi, hivi toka shuleni hadi relini bado ni kilomita kumi na nane?"

Mihayo alikuwa ameinamia gurudumu la mtu. "Hawajaikata," alisema.

Akaziandika namba hizo mwishoni mwa jedwali, baada ya safu za wale saba, na kwa kuwa alikuwa akijaribu saa, juu ya safu ya nane akaandika neno moja: Saa.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia kama mchezo wa mtoto. Kila Jumatatu aliijaribu saa. Alijiambia ni kwa ajili ya haki ya Violeth. Lakini Jumatatu ya tatu alishangaa kujikuta ameinama juu ya usukani, khanga imefungwa kiunoni, anacheka peke yake kwenye mteremko, wachungaji wakimpigia miluzi na ng'ombe wakikimbilia vichakani. Jumatatu ya tano aliwasalimia watu bila kupunguza mwendo, hata bibi mmoja akamwuliza Mihayo kama wana mgonjwa hospitali. Jumatatu ya sita chombo cha chakula kiliruka kwenye tuta na hakurudi kukiokota. Alishinda njaa siku nzima, na siku nzima alikuwa na tabasamu lisilo na sababu. Arobaini na moja! Safu ya Saa ilikuwa ikiteremka wiki hadi wiki.

Nyumbani Mihayo alipima mnyororo wa baiskeli ya mkewe kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Mnyororo huu nimeuweka mwezi wa nne. Unaliwa na nini?"

"Labda ni vumbi," alisema Mama Limi, akaenda kuangalia maharage.

Ikafika wiki ya nane. Mwalimu Ghati alitaka grafu, kwa sababu kamati ya michezo ya kata ilikuwa inakuja kuchagua watatu, na kamati haipendi kusoma namba. Mama Limi hakuwahi kutengeneza grafu. Malori hayaihitaji. Akamwomba karani mwenzake, Nasibu, mtu mzima wa Tanga aliyeletwa Isaka na reli na akabakizwa na mke wa Kisukuma.

"Dada yangu, hilo ni jambo la kunywea chai tu," alisema Nasibu. Akachagua jedwali lote, akabonyeza mara mbili tatu, na mistari minane ikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

Mama Limi akakunja uso. Mistari ilipandana, ikapishana, ikajifunga, kama kamba za mbuzi wanane waliofungwa kwenye mti mmoja tangu asubuhi. Hakujua nani ni nani.

"Kaka Nasibu, sasa kamati itaona nini hapa?"

"Tulia. Bonyeza grafu yenyewe. Umeona vitufe vitatu pembeni? Kile cha tatu, chenye umbo kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Bonyeza."

Akabonyeza. Orodha ya majina ikafunguka, kila jina na kisanduku chake, kila kisanduku na tiki.

"Toa tiki kwa Dorah. Halafu bonyeza pale chini kukubali."

Mstari wa Dorah ukatoweka. Mama Limi akaweka mkono mdomoni.

"Nimemfuta!"

"Hujamfuta. Umemficha. Tazama kwenye jedwali: namba zake zote zipo, hamsini na nane yake ipo na muwa wake. Rudisha tiki."

Akairudisha. Dorah huyo, juu kabisa, mstari mwekundu. Akamficha tena. Akamrudisha. Akawaficha wote, akabaki Violeth peke yake, mstari mmoja safi unaoshuka taratibu kuanzia arobaini na tatu hadi arobaini na moja na nusu. Akamleta Lusia kando yake, na hapo akaona jambo ambalo macho yake hayakuliona wiki zote nane: Lusia alikuwa akimkaribia Violeth kila Jumamosi, polepole, kama mtu anayenyata. Wakati mistari yote ipo, hilo lilikuwa limefunikwa kabisa.

"Yesu wangu," alisema. "Kumbe mtu anaonekana wengine wakikaa pembeni."

Hakuweza kuacha. Akawatoa wote, akawaingiza mmoja mmoja kama wanaoingia kanisani. Akawatoa wembamba akabakiza wanene. Akawatoa wanene. Nje lori la mpunga lilikuwa limesimama juu ya mizani na dereva ameshuka, ameegemea dirisha la karani, naye anatazama.

"Mama, huyo wa kijani mrudishe tena," dereva alisema. "Alikuwa anakwenda vizuri."

Ndipo Mama Limi akakumbuka yuko kazini. Kabla ya kufunga, jicho lake lilikwenda kwenye mstari wa nane, wa rangi ya chungwa. Ulianzia juu kidogo ya Violeth, ukamkatiza wiki ya tatu, kisha ukateremka chini ya wote na kuendelea kushuka. Alihisi joto masikioni, kama mtu aliyekutwa anacheza mbele ya kioo. Huyo si mshindani, alijiambia. Hiyo ni saa tu. Akatoa tiki. Mstari ukaondoka, na roho yake ikatulia.

Kamati ilikuja Jumamosi ya kumi. Walikutana kwenye darasa la shule ya Igembya, shuka jeupe limetundikwa ubaoni, projekta imeazimwa. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Donatus, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, alikaa dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu. Wanawake saba walikuja na nguo zao za mazoezi. Mihayo alikuwa nje ya dirisha akiziba pancha ya Lusia.

"Mwadila," Bwana Donatus aliwasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila!" wakaitikia wote.

Grafu ikawaka kwenye shuka, mistari saba. Dorah akapiga kigelegele kilichoamsha kuku nyuma ya shule. Alisimama, akacheza kuzunguka dawati.

"Mnaniona? Niko juu yao wote! Tangu wiki ya kwanza! Sijashuka!"

"Dorah," alisema Mwalimu Ghati.

"Hata Violeth yuko chini yangu!"

"Dorah, mama, zile ni dakika. Aliye juu ndiye amechelewa."

Dorah alibaki na mkono mmoja hewani. Akautazama mstari wake, akautazama wa Violeth kule chini, akafikiri. Kisha akacheka hadi akakaa sakafuni, na darasa zima likamfuata. Bwana Donatus alivua miwani akafuta macho.

Mama Limi akaanza kueleza. Mistari saba bado ilikuwa mingi, kwa hiyo akafungua ile orodha na kutoa tiki, mmoja baada ya mwingine, ili kamati imwone Violeth peke yake. Alipofika kwa Lusia, Lusia akasimama.

"Nimekwenda wapi?"

"Upo, Lusia. Nimekuficha kidogo."

"Jumamosi zote nimekimbia, mara mbili nimeanguka mchangani, leo mbele ya kamati unanificha?"

"Nakurudisha sasa hivi. Tazama." Mstari wa kijani ukarudi. Lusia akashusha pumzi, akashika kifua, akakaa.

Basi ikawa sherehe. Mmoja akisema mfiche Salome, Salome anapiga kelele. Mrudishe! Salome anashangilia kama aliyefufuka. Weka Lusia na Violeth tu! Oo, angalia anavyomnyemelea! Violeth mwenyewe, asiyecheka ovyo, alijikuta amesimama juu ya dawati akimkemea mstari wa Lusia usije karibu.

"Hebu nami nijaribu hicho kipanya," alisema Bwana Donatus, akinyoosha mkono kama mtoto anayeomba kipande cha muwa.

Mama Limi akampisha. Mwenyekiti aliusogeza mshale kwa uangalifu mkubwa, ulimi ukiwa nje kidogo. Hakutaka kumkosea mtu yeyote. Akaona juu kabisa ya orodha kuna kisanduku kimoja cha kuwachagua wote. Akaweka tiki hapo, akakubali.

Mistari minane ikawaka kwenye shuka.

Ilichukua muda kabla mtu hajaona. Alikuwa Salome aliyehesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu... Mbona nane? Si tuko saba?"

Ule wa chungwa ulikuwa chini ya wote. Ulikuwa umeshuka mpaka dakika thelathini na nane.

"Saa," Bwana Donatus alisoma. Akageuka kwa Mwalimu Ghati. "Huyu Saa ni nani? Mbona hamjamleta?"

"Simjui," alisema Mwalimu Ghati, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Saa wa nani?" aliuliza Lusia. "Ni wa kata ya Bugarama? Mmetuletea mtu wa Bugarama kwa siri?"

Violeth alishuka kwenye dawati. Akakaribia shuka, akaugusa ule mstari kwa kidole. "Mwanamke gani huyu? Thelathini na nane? Kwenye mchanga ule?"

Wote wakamgeukia Mama Limi. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameshika pindo la khanga.

"Ni saa," alisema.

"Saa gani?"

"Ya kupimia mbio. Violeth alisema saa inakimbia, nikaona niijaribu. Nikipita kwenda kazini. Jumatatu." Akakunja lile pindo la khanga. "Sasa nikawa naijaribu kila Jumatatu."

Halafu kutoka dirishani, kichwa cha Mihayo kikatokea, gundi ya pancha puani.

"Ndiyo maana mnyororo umekwisha!"

Darasa lililipuka. Mwalimu Ghati alimkumbatia Mama Limi akamnyanyua juu, miguu ikaning'inia. Dorah akapiga vigelegele upya, safari hii kwa sababu sahihi. Bwana Donatus alikuwa akiomba radhi kwa kila mtu kwa kubonyeza asichokijua, na hakuna aliyemsikiliza.

Violeth peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue.

"Mama Limi, nakuheshimu, wewe ni kama dada yangu mkubwa. Lakini asubuhi hakuna jua. Asubuhi hakuna upepo. Sisi tunakimbia saa kumi jioni na ngozi inaungua. Hiyo thelathini na nane ni ya asubuhi."

"Ni kweli," alisema Mama Limi. Alisema hivyo kwa moyo wote, maana karani wa mizani alijua kwamba vitu viwili hupimwa kwenye mizani moja. "Ni kweli kabisa. Iondoeni tu."

"Siondoi kitu!" Mwalimu Ghati akaangalia nje. "Sasa hivi ni saa kumi kasoro robo. Jua lipo. Upepo upo. Baiskeli iko wapi?"

"Mwalimu, nimevaa gauni."

Mwalimu Ghati hakupoteza muda. Aliingia stoo ya vifaa vya michezo akatoka na suruali ya mazoezi ya shule, ya bluu, iliyoandikwa pembeni jina la timu ya darasa la saba. Ilimfika Mama Limi kwenye vifundo. Alikuwa hajawahi kuvaa suruali maishani mwake. Alitoka stoo akitembea miguu imeachana kama mtu anayevuka tope, na alipomwona mumewe akajaribu kurudi ndani.

Mihayo alimtazama kutoka juu hadi chini. Kisha akapiga goti, akaukaza mnyororo, akaupaka mafuta, akafungua kibebeo cha chuma kwa spana na kukiweka kando. Baiskeli ikawa nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa.

"Nenda, Mayo," alimwambia taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi nitapika."

Bwana Donatus akatangulizwa na pikipiki hadi relini, saa mkononi, simu ameishika mbali na sikio kama alivyoonywa. Wanawake wote wanane wakajipanga getini, na filimbi ikalia.

Kilomita tano za kwanza Violeth alitangulia, akiwa ameinama kama panga. Mama Limi alimfuata, na ukweli ni kwamba alikuwa na hofu. Jua lilimpiga shingoni, kweli halikuwa la asubuhi. Upepo ulimjia usoni na vumbi. Nyuma yake alisikia Lusia akipumua, na nyuma zaidi Dorah akiimba. Lakini kidogo kidogo miguu yake ikakumbuka barabara ambayo kichwa kilikuwa kimeisahau kwa woga. Hapa kuna jiwe, pita kushoto. Hapa kuna mteremko, acha ikimbie. Suruali haikuvutwa na upepo kama khanga. Baiskeli isiyo na kibebeo ilirukaruka chini yake kama ndama, na kile kicheko cha Jumatatu kikaanza kumpanda tumboni.

Walipofika mchangani Violeth alikuwa mbele kwa mita hamsini. Magurudumu yake yakaanza kuzama, baiskeli ikayumba, akasimama juu ya pedali akisukuma kwa nguvu zote. Mama Limi hakuingia mchangani. Alikata kulia, akapanda ukingoni, kwenye njia nyembamba ambayo ng'ombe wanaokwenda lambo wameikanyaga miaka na miaka hadi ikawa ngumu kama saruji. Alikuwa akipita hapo kila siku, na kwa akili yake kila mtu alikuwa akipita hapo. Alipomkuta Violeth ubavuni anahangaika, alishangaa.

"Violeth! Unafanya nini huko?"

"Nakimbia!"

"Pita huku! Njia ya ng'ombe! Pita huku!"

Violeth alimtazama kama aliyeona ndege anaongea. Kisha akavuta usukani, akapanda ukingo, akaingia nyuma yake. Lusia naye akawaona, akawafuata. Wakaenda watatu, gurudumu nyuma ya gurudumu, vumbi limewapaka unga. Mama Limi alianza kucheka kwa sauti. Violeth akamwuliza anacheka nini, naye hakuweza kujibu, na kabla ya kufika mawe ya mwisho Violeth alikuwa anacheka pia, na Lusia anayewafuata akilia kwa kucheka asijue kwa nini.

Walivuka reli dakika ya thelathini na tisa. Mama Limi alikuwa mbele kwa urefu wa baiskeli moja, Violeth akafuata, Lusia nusu dakika baadaye. Bwana Donatus aliisoma saa mara tatu, akaandika kiganjani kwa sababu kalamu zote nne zilikuwa zimedondoka njiani. Violeth alikuwa amejipunguzia zaidi ya dakika mbili kwa siku moja. Aliitupa baiskeli yake chini, akamshika Mama Limi mabega.

"Miezi miwili na nusu unaijua njia ile, hukutuambia?"

"Hamkuniuliza. Nilidhani mnaijua!"

"Wabeja sana, Mama Limi," Violeth alimshukuru kwa Kisukuma, akamkumbatia, vumbi kwa vumbi.

Kamati ikawachagua hao watatu. Mashindano yalifanyika mwanzoni mwa mwezi wa nane, kutoka Shinyanga mjini hadi Tinde na kurudi. Wanawake sitini na wawili walijipanga. Wengine walikuwa na baiskeli zenye magurudumu membamba kama waya. Mama Limi, na suruali yake ya bluu, alisimama mstari wa nyuma, akamwamkia kila aliyemzidi umri. Alipofika Tinde alikuwa wa kumi na nne. Wakati wa kurudi upepo uliwapiga ubavuni, wale waliojichosha mapema wakaanza kulegea, naye alikuwa akiendesha kama anayerudi nyumbani kutoka kazini, jambo ambalo alikuwa amelifanya kila jioni kwa miaka kumi na mmoja. Aliwapita mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja "pole na kazi." Baadhi walimjibu vibaya.

Alimaliza wa pili. Binti wa Kishapu mwenye miguu mirefu alimshinda kwa sekunde kumi na nane. Violeth akawa wa tano. Lusia alianguka mara moja, akaamka, akawa wa kumi na tisa, na akaonyesha goti lake kwa kila aliyetaka kuliona na asiyetaka.

Zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa mtamba. Hakuna mtu wa Isaka aliyejua hilo mpaka jina liliposomwa na kamba ikawekwa mkononi mwa Mama Limi, na mwisho wa kamba kulikuwa na ng'ombe wa rangi ya kahawia aliyekuwa akimtazama kwa mashaka. Walikuwa wamekuja na Fuso moja, na Fuso hiyo ilikuwa imejaa baiskeli, madumu ya maji, ngoma mbili na Dorah, aliyejitolea kuwa mshangiliaji mkuu.

"Haingii," alisema dereva.

"Ataingia," alisema Mwalimu Ghati kwa ile sauti yake. Dereva akafungua mlango wa nyuma.

Baiskeli zikafungwa juu ya kingo. Mtamba akasukumwa na watu tisa, akaingia, akageuka, akatoka na ndoo ikining'inia shingoni. Akasukumwa tena. Hatimaye alisimama katikati, Dorah upande mmoja akiwa amemkumbatia shingo asianguke, Mama Limi upande mwingine akimkuna paji la uso. Mihayo alikaa juu ya bodi, amemshika mkewe bega kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ameshika ile baiskeli nyeusi isidondoke.

Walipopita Tinde ngoma zilikuwa zinalia. Watu wa barabarani waliinuka kwenye vibanda vyao kutazama lori lenye baiskeli hewani na ng'ombe ndani na wanawake wanaoimba. Mtamba alikuwa amezoea sasa. Alinyoosha shingo, akakichukua taratibu kitambaa cha kichwani cha Dorah, na akaanza kukitafuna.

"Analala kwangu huyu!" Dorah alipiga kelele. "Mpaka anirudishie kitambaa changu!"

Mama Limi alitaka kumwambia kitu, lakini kila alipofungua kinywa kicheko kilimtangulia, akaishia kushika pembe changa za ng'ombe wake na kuinamisha kichwa, machozi yakimtoka, huku Fuso ikiingia kwenye vumbi la kwenda Isaka.